Taipu Isiyo na Moja

Viatu vilikuwa haramu ndani ya kibanda cha kompyuta, kwa hiyo siku niliyojifunga kwa ulimi wangu mwenyewe nilikuwa nimevaa soksi, moja imetoboka kidoleni. Meneja alifungua mlango wa kibanda, akanisimamisha kizingitini, akaniuliza ofisi nzima ikisikia: "Kosa ni la mashine au la mtu?" Nilijibu bila hata kumeza mate. "Mashine haikosei. Mikono ndiyo hukosea." Watu wakatikisa vichwa kama walioambiwa jambo kubwa. Nyuma yangu, mama mpiga chapa, mwenye mikono hiyo, aliitoa juu ya meza akaiweka mapajani.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, kule Shimanzi, upande wa bandarini, katika kampuni ndogo ya malori ambayo leo haipo tena. Nyuma palikuwa na yadi ya makontena, mbele barabara, na kati ya ofisi na geti meneja alikuwa amejenga kibanda cha vioo chenye mashine ya baridi, kompyuta moja na printa. Vioo vyake havikufunguka. Palikuwa na tundu la kupokelea karatasi za madereva, basi. Mlango ulifungwa kwa nje na ufunguo ukakaa mfukoni mwa meneja, kwa sababu, alisema, vumbi na wezi wote ni maadui wa kompyuta. Mimi na mama yule tulifungiwa humo asubuhi na kufunguliwa adhuhuri, yeye akaswali na mimi nikale. Ukishikwa na haja ulibisha kioo, na ofisi nzima ikajua umeshikwa na haja.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi karibu na mtaa wa Buxton, Mgiriama wa Kaloleni, Mkristo, na kichwa kimefura. Nilikuwa na kitabu kimoja cha C, lugha ya kuandikia programu, fotokopi, baadhi ya kurasa zimeliwa pembeni na mashine. Kwa kitabu hicho niliandika programu ya geti. Dereva analeta karatasi. Mpiga chapa anaandika nambari ya kontena, kisha idadi ya vifurushi, kisha uzito. Printa inatema pasi, lori linatoka. Bila pasi hakuna lori linalotoka. Maswali yote niliyaandika kwa Kiswahili, na nilijivunia hilo kuliko ilivyostahili.

Mama yule alikuwa mtu wa Mji wa Kale, umri wa mama yangu mzazi. Nilimwita mama, naye akaniita mwanangu, na kila asubuhi kabla ya kukaa alinijulia hali mimi, wazazi wangu na watu wa Kaloleni asiowajua. Alikuwa amepiga taipu katika ofisi ile tangu ubichi wake. Barua yake haikuwa na kosa. Watu walisema akipiga chapa unasikia mvua ya mabati. Mumewe alikuwa amelala kitandani mwaka wa tatu, na nyumba yao yote ilimtegemea yeye. Meneja alipoleta kompyuta alimwambia kwamba kazi ya taipu inakwisha, na akitaka kubaki, ahamie kibandani. Akahamia.

Siku ya kwanza alipitisha malori manne vizuri sana. La tano likakwama.

Aliandika idadi ya vifurushi, akabonyeza, na swali la uzito likatokea. Kabla hajagusa kitu, skrini ikaanza kumwaga maneno yale yale kutoka chini kwenda juu bila kupumua: Nambari si sahihi. Andika tena. Nambari si sahihi. Andika tena. Aliinua mikono hewani kama mtu aliyeelekezewa bunduki.

"Sijagusa kitu, mwanangu! Wallahi sijagusa!"

Nikaiua programu, nikaiwasha upya, nikaandika mimi mwenyewe. Ikapita. Nikampa tena. Lori la sita likapita, la saba likapita, la nane likamwaga. Nje honi zikaanza. Malori yalikuwa yamejipanga mpaka barabarani, na utingo mmoja akaja kuweka uso kwenye tundu letu akauliza kama tumelala.

Haikuwa hivyo kila siku, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Siku nyingine asubuhi nzima ilikwenda salama. Siku nyingine ilikwama mara saba. Kwangu haikukwama kamwe. Nilikaa kando yake nikatazama skrini, nikaona nambari zake ziko sawa, kisha skrini ikamwaga na zile nambari zikapanda juu zikapotea kabla sijazisoma mara ya pili.

Niwaeleze kilichokuwa kinatokea, kwa sababu leo nakijua. Katika C kuna amri iitwayo scanf. Ukiiambia ikusomee nambari, husoma tarakimu moja baada ya nyingine mpaka ikutane na kitu kisicho tarakimu. Hapo husimama. Kile kilichoisimamisha haikitupi. Hukiacha palepale, kikingoja swali linalofuata. Swali linalofuata likija, scanf inakikuta, inashindwa, inakiacha tena. Na programu yangu kila iliposhindwa ilikuwa hodari wa jambo moja, kulaumu. Iliandika kwamba nambari si sahihi, ikarudi kuuliza, ikakikuta kile kile, ikalaumu tena, na ingeendelea hivyo mpaka umeme ukatike. Mwandikaji hakuwa na nafasi ya kuandika hata nukta. Aliambiwa andika tena, na kumbe mlango wa kuandikia umefungwa.

Kitabu changu kilionya. Kilisema usiamini kitakachoandikwa na mtu, na kila usomapo uulize kama kusoma kumefaulu. Nilisoma nikapita. Kwangu ilifanya kazi, na mimi ndiye niliyekuwa mtu.

Hata hivyo, nusu ya jambo niliijua: kwamba herufi ikiingia mahali pa nambari, ndipo skrini humwaga. Kwa hiyo nilimwambia, kwa sauti ya daktari mchanga, "Mama, unagusa herufi."

"Sijagusa herufi."

"Lazima umegusa."

"Mwanangu, miye si mtoto. Herufi nazijua, na hesabu naijua. Sikuandika herufi."

Alikuwa anasema kweli kama alivyoijua, na mimi nilikuwa nasema kweli kama nilivyoijua, na tulikuwa tumefungiwa chumba kimoja na kweli zetu mbili, mlango una kufuli. Nilianza kumchukia. Nasema wazi, nilimchukia. Nilichukia alivyosema bismillahi kabla ya kila kontena, nilichukia alivyofuta kibodi kwa leso. Nilikuwa na hakika anafanya uzembe na kuukana, na kwamba uzembe wake utanifukuzisha kazi. Yeye naye alianza kupungua. Mtu aliyekuwa akipiga chapa huku anazungumza sasa aligusa kitufe kimoja kimoja kama anayegusa chungu cha moto, na kila alipomaliza idadi ya vifurushi alifumba macho.

Hapo ndipo meneja alipofungua mlango na kuuliza lile swali lake, na mimi na soksi yangu tukatoa hukumu. Maji yakimwagika hayazoleki. Tangu siku ile meneja aliifanya sentensi yangu kuwa salamu. Akipita nje ya kioo alikigonga, akanyoosha kidole kwenye mikono ya mama, akacheka. Makarani nao wakajifunza. Vioo vilikuwa pande zote, na mama hakuwa na mahali pa kugeuzia uso isipokuwa kwangu. Mwisho meneja akampa muda: mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo angetafuta mtu ambaye kompyuta inampenda.

Wiki tatu zikapita namna hiyo. Sitazieleza zote, zilikuwa siku moja iliyorudiwa.

Kisha, alasiri moja ya Ijumaa, meneja alitaka barua. Ilikuwa ya kwenda kwa wakala wa ajira, kuomba karani wa kike, umri usiozidi miaka ishirini na mitano, ajuaye kompyuta. Na kwa kuwa ofisini hapakuwa na mtu mwingine awezaye kupiga barua ya heshima, alimpa mama aipige yeye. Sijui kama ulikuwa ukatili au ni kutofikiri tu. Mama aliisoma rasimu mpaka mwisho. Akarudi kwenye meza yake ya zamani, nje ya kibanda, akaondoa kitambaa juu ya taipu, akaingiza karatasi mbili na kaboni katikati.

Mimi niliagizwa ningoje niichukue. Nikasimama mbele yake. Kwa kuwa sikuweza kumtazama usoni, nilitazama mikono.

Mvua ya mabati ikaanza. Alipiga tarehe, na ndani ya tarehe tarakimu ya moja ilikuwamo mara mbili. Nikaona kidole cha pete cha mkono wa kulia kikishuka mahali pake pa kawaida, katikati ya herufi, bila kupanda kwenye safu ya nambari. Kwenye karatasi ikatoka moja. Akaendelea. Anwani ilikuwa na moja. Kidole kile kile, mahali pale pale. Nikainama nikatazama safu ya juu ya ile taipu. Ilianza na mbili.

Haikuwa na moja. Taipu ile, kama taipu nyingi za zamani, haikuwa na kitufe cha moja kabisa. Waliojifunzia juu yake walifundishwa kupiga herufi l ndogo, kwa sababu kwenye karatasi zinafanana na hakuna anayedai tofauti. Mama alikuwa amepiga moja yake kwa kidole cha pete tangu mimi sijazaliwa. Kwake kile kitufe hakikuwa herufi, kilikuwa moja. Alipoapa kwamba hajagusa herufi hakusema uongo hata kidogo. Akiandika vifurushi 214, programu yangu ilisoma mbili, ikajikwaa kwenye l, ikaiacha imelala mlangoni, na swali la uzito likaja kuanguka juu yake. Ndiyo maana ilimwaga kabla hajagusa kitu. Ndiyo maana siku zisizo na moja zilikwenda salama. Wiki tatu nilitazama skrini; sikutazama hata mara moja mikono niliyoishtaki. Nyani haoni kundule.

Alimaliza barua ya kujifukuza. Haikuwa na kosa hata moja. Akanipa kwa mikono miwili.

"Haya, mwanangu. Mwambie iko tayari."

Nilikuwa na maneno mdomoni. Meneja alikuwa hatua kumi kutoka pale, makarani wote wako mezani, na nilichohitaji kusema ni sentensi moja fupi kuliko ile ya kwanza. Niliyameza. Nilimwambia meneja kwamba bado kuna siku tano za mwezi, kwa nini tusingoje mpaka Jumatatu, nitamfunza mama kwa mara ya mwisho. Akaitia barua kwenye droo, akaniambia nina moyo mzuri.

Jumamosi nilifungiwa kibandani peke yangu. Niliitoa scanf yote. Badala yake nikatumia fgets, ambayo husoma mstari mzima kwa pamoja na hukubali kuambiwa mwisho wa nafasi, kwamba herufi hizi tu na si zaidi. Mstari ukishaingia ndipo unauchambua. Mama yangu Kaloleni hamimini mchele chunguni kisha akatafuta mawe kwenye maji yanayochemka. Huumwaga kwenye ungo kwanza, hupepeta, huchagua, na kilichobaki ndicho hupikwa. Nilifanya hivyo. Mstari ukiwa mrefu kupita nafasi, masalio yote yanasombwa na kutupwa, yasivizie swali lijalo. Nambari inageuzwa kwa amri nyingine, iitwayo strtol, ambayo huonyesha ilipoishia, nami nikahakikisha imeishia mwisho wa mstari, si katikati. Kisha nikauliza kama inaingia akilini: vifurushi sifuri haviwezekani, uzito wa kuvunja daraja hauwezekani. Na kabla ya hayo yote, kwenye majibu ya nambari peke yake, nikaweka mistari miwili: kila l iwe 1, na kila O iwe 0, kwa sababu nilikumbuka kwamba taipu nyingine hazina hata sifuri. Kazi yote ilinichukua asubuhi moja. Asubuhi moja, na mtu alikuwa amelia wiki tatu.

Jumatatu, meneja alipotufungia akaenda zake, nilimwambia mama kwamba kwenye kompyuta moja iko juu, pembeni kushoto. Sikumwambia kwa nini. Akaitazama. Akaigusa kwa kidole cha mwisho, kwa woga.

Meneja akarudi, akafungua, akaingia, naye akiwa na soksi, akasimama nyuma ya kiti chake. Lori likaja. Nambari ya kontena ikapita. Vifurushi vilikuwa mia moja na kumi. Mazoea yakamshinda mama. Nilikiona kidole cha pete kikishuka mara mbili. Na yeye alikiona. Akafumba macho akangoja. Skrini ikauliza uzito, kimya, kwa adabu. Akaandika uzito. Pasi ikatoka. Lori la pili, la tatu, la sita.

"Umeona?" meneja akamwambia. "Ukitaka, unaweza." Akaenda kwenye droo yake, akaitoa barua, akaipasua mbele ya watu wote, na watu wakacheka kwa furaha.

Mama alinigeukia. Macho yamejaa. "Mwanangu," akasema polepole, "nimekosea na imenistahi. Weye ndiye uliyeifunza kunistahi."

Nilitabasamu kama mfadhili.

Ijumaa ile akaniletea mahamri, yamefungwa kwenye kitambaa, na mbaazi za nazi kwenye kibakuli chenye kifuniko. Ijumaa iliyofuata tena. Na iliyofuata. Nikimwambia asijisumbue, alisema mtu aliyeusitiri uso wake hawezi kula mkate wa dukani. Ramadhani ikaingia, yeye amefunga, na bado aliniletea mimi nisiyefunga, nikale jioni chumbani kwangu Buxton. Niliyala. Yalikuwa na iliki ya kutosha, laini, mazuri mno. Watu huacha kazi kwa mshahara mdogo. Mimi nilianza kutafuta kazi nyingine ili nisiletewe mahamri.

Baada ya Idi sikuweza tena. Nilimngoja kwenye korido ya choo, mahali ambapo hapakuwa na kioo wala mtu, nikamweleza yote: taipu isiyo na moja, kidole cha pete, scanf, Jumamosi ile. "Kosa halikuwa lako, mama. Lilikuwa langu tangu mwanzo. Wewe hukukosea hata siku moja. Niwie radhi."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kibakuli cha mbaazi kilikuwa mkononi mwake.

"Tangu lini wajua?"

"Tangu siku ya ile barua."

Akafikiri. "Miye nimefunga mwezi mzima," akasema, "na kila nikiinuka kuswali nimemuomba Mungu anisamehe vidole vyangu. Nikamwambia mume wangu, kitwa changu kimezeeka, hakishiki tena. Naye akalia, kwa vile hawezi kuinuka akafanye kazi yeye." Hakupandisha sauti. "Nilitahayarishwa pale ofisini, watu wote watazama. Weye waja kuniomba radhi koridoni?"

"Nitamwambia meneja."

"Si meneja peke yake. Simama pale pale uliposimama."

Akaondoka na kibakuli chake. Ijumaa ile mahamri hayakuja, wala Ijumaa nyingine. Asubuhi aliendelea kunijulia hali, mimi na wazazi wangu na watu wa Kaloleni, neno kwa neno kama zamani, kisha akakaa na kunyamaza mpaka adhuhuri. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Kila siku nilijiambia kesho, na kila kesho mlango ulifungwa kwa nje nikashukuru.

Kazi nyingine nikaipata. Siku yangu ya mwisho meneja alikusanya ofisi yote, akaacha mlango wa kibanda wazi makusudi ili mama naye asikie, akanisimamisha pale pale kizingitini. Safari hii nilikuwa na viatu. Alinisifu kwa programu isiyokosea na kwa subira niliyokuwa nayo kwa wazee. Kisha akaniuliza, "Una neno?"

Mama aliacha kuandika. Aligeuza kiti chake, akaweka mikono mapajani, akanitazama. Dereva aligonga tundu na hakumjibu. Nadhani alikuwa na hakika nitasema.

"Asanteni nyote," nikasema.

Wakapiga makofi. Mama aliinuka, akaja mlangoni taratibu, akashika kitasa, akaufunga mlango yeye mwenyewe, kwa ndani.